Tiketi ya Watu Wanne

Bei ingepanda siku ya kwanza ya mwezi wa saba, na habari hiyo ilikuwa imeenea Bukavu kuliko habari ya bei ya mkaa. Redio iliitangaza asubuhi na jioni. Ilibandikwa hata kwenye mlango wa saluni alikosukwa Eulalie: paki ya michezo kando ya ziwa, ambayo watu waliiita "kwa Cirhuza" kwa jina la mfanyabiashara aliyeijenga, ingeuza tiketi kwa bei ya ufunguzi mpaka mwisho wa Juni tu. Aliyenunua mapema angechagua siku yoyote ya likizo kubwa. Siku hiyo ikishaandikwa haibadilishwi, na pesa hazirudi.

Eulalie alikuwa sekretari katika chuo kimoja cha watu binafsi pale Ibanda. Alikaa Nyalukemba na binti zake wawili: Bintu, aliyekuwa anamaliza darasa la sita, la mwisho la shule ya msingi, na Maombi, ambaye meno ya utoto ya mbele ndiyo kwanza yalikuwa yanamng'oka. Mumewe, Hugues, alikuwa Kolwezi, fundi wa mitambo ya mgodi. Aliondoka kwa mkataba wa mwaka mmoja. Mkataba ukaongezwa, kisha ukaongezwa tena. Pesa alikuwa akituma. Kwa hilo hakuna aliyeweza kumsema. Na alikuwa ameahidi kwamba Bintu akimaliza shule ya msingi atakuja, na siku hiyo wataenda wote wanne kwa Cirhuza.

"Hugues, bei inapanda," Eulalie alimwambia kwenye simu. "Inabaki wiki moja. Niambie siku gani utakuwa hapa, nichague."

"Ngojea kidogo, maman Bintu. Chef hajasaini congé yangu, siku za kupumzika."

"Atasaini siku gani?"

"Bale batu habasemi."

"Mais wewe unaona namna gani? Ninunue ao ningojee?"

Kwa mbali, huko aliko Hugues, televisheni ilikuwa inatangaza mpira.

"Sitaki uharibu feza," alisema hatimaye. "Ngojea."

"Na kama bei inapanda?"

"Kama inapanda, inapanda. Nipe Bintu nimusalimie."

Bintu aliichukua simu akatoka nayo barazani. Aliongea na baba yake kwa sauti ya chini, uso ameugeuzia ukuta. Aliporudi alisema tu, "Papa anasalimia," akaiweka simu mezani. Nyumba ikarudi kuwa kubwa. Kila mara simu ya Kolwezi ilipokatika ilikuwa hivyo. Vyumba vitatu tu, lakini Eulalie alisikia nafasi iliyobaki katika kila kimoja.

Kazini aliketi chumba kimoja na Gisèle, mtunza pesa wa chuo, mwanamke wa maneno mengi na moyo mwema. Gisèle alikuwa ameshanunua yake tangu wiki ya kwanza, na alishangaa kwamba mwenzake bado anapima.

"Nunua ya famille," alimwambia. "Ya mutu moja moja ni dola kumi. Wewe na batoto, dola makumi tatu. Ya famille unalipa makumi mbili na tano, na bwana yako iko ndani. Sasa unafikiri nini?"

"Na kama hafiki?"

"Utangojea mwezi wa saba umununue bwana kwa bei ya juu?" Gisèle alicheka. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha kucheka, akaanza kupanga risiti ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

Saa ya mapumziko Eulalie aliteremka peke yake mpaka ziwani. Mbele ya dirisha la tiketi palikuwa na foleni ndefu, na karibu wote walikuwa wawili wawili, mume na mke, wakijadiliana siku gani shangazi atakuwa ametoka Goma, siku gani mtoto atakuwa amepona surua. Yeye hakuwa na wa kujadiliana naye. Alijikuta akisikiliza mabishano ya walio mbele yake kama mtu anayenusa chakula cha jirani.

"Ya famille ni ya papa, maman na batoto," msichana wa dirishani alimweleza. "Majina yanaandikwa, na bote banapashwa kufika pamoja kwa mulango. Moja akikosa, haipiti. Papa iko?"

"Iko Kolwezi, kwa kazi."

"Lakini atakuja?"

Lilikuwa swali jepesi. Mtu mwingine angelijibu kwa neno moja. Eulalie alifungua mkoba, akaufunga, akaufungua tena. Nyuma yake mwanamume mmoja alishusha pumzi kwa nguvu.

"Maman, sogea kidogo pembeni ufikiri, siye tupite."

Alisogea. Alisimama hapo pembeni, machoni pa foleni nzima, kama mwanafunzi aliyetolewa darasani, mpaka aliona aibu ya kuendelea kusimama inazidi aibu ya kuondoka. Akapanda mlima kurudi kazini bila kununua kitu.

Siku ya mwisho ya Juni alimpigia Hugues asubuhi. Hakushika. Alipiga tena saa ya mapumziko, akapata ujumbe: *Niko ndani ya réunion ya kazi, tutaongea mangaribi.* Lakini dirisha la tiketi lilifungwa kabla ya magharibi, na Hugues alilijua hilo, kwa sababu Eulalie alikuwa amemwandikia.

Alifika kwenye foleni jua likiwa limeshalegea juu ya maji. Njia nzima alikuwa akijiambia kwamba atanunua tatu, za mtu mmoja mmoja. Dola tano zaidi si kitu cha kumuua mtu. Lakini kila alipojaribu kuyasema maneno hayo kimoyomoyo, *nipe tatu*, aliishia kwenye *nipe*. Kununua tatu kulikuwa kusema kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya msichana asiyemjua, jambo ambalo Hugues hakuwa amelisema. Na kama angekuja? Angeshuka kwenye boti la Goma na begi lake, aambiwe kwamba nafasi yake hakuna, mke wake hakumhesabu?

"Ya famille," alisema zamu yake ilipofika.

"Jina ya papa?"

"Hugues." Alilitaja herufi kwa herufi, na msichana akaliandika la kwanza, juu ya mengine yote. Siku aliyochagua ilikuwa Jumamosi ya pili ya Julai.

Nyumbani Maombi aliibusu tiketi, akacheza nayo sebule nzima. Bintu aliisoma mpaka mwisho, akairudisha mezani polepole.

"Iko muzuri, maman," alisema, akaenda kuosha vyombo ingawa haikuwa zamu yake.

Eulalie aliipiga picha tiketi akamtumia Hugues. Jibu lilikuja baada ya chakula: alama ya kidole gumba. Neno hata moja halikuwapo. Alikitazama kidole hicho muda mrefu, akijaribu kukifanya kiseme ndiyo.

Wiki zile congé ilikuwa "njiani". Kisha ndege za kutoka Lubumbashi mpaka Goma zikawa zimejaa. Ijumaa simu ya Hugues iliita mpaka ikakata. Jumamosi asubuhi Eulalie aliwavalisha watoto magauni ya Noeli, akavaa kitenge chake cha kijani, na wakateremka kwa miguu kuelekea ziwani.

"Papa atatukuta kule?" Maombi aliuliza.

"Tembea, mama yangu. Tutachelewa."

Bintu alikuwa ametangulia hatua chache, kichwa chini.

Mlango wa paki ulikuwa umefurika watu. Muziki ulitoka kwenye vipaza sauti, na juu ya paa za mabati gurudumu kubwa lilizunguka taratibu na watu ndani ya vikapu vyake. Mlinzi wa mlango, mwanamume mwenye fulana ya njano na sauti ya mwinjilisti, aliipokea tiketi, akaisoma, akawahesabu kwa macho.

"Hugues iko wapi?"

Eulalie alimnyoosha Maombi kola ya gauni. Mlinzi akadhani mtu amebaki nyuma kwenye umati, akajinyoosha, akaweka mkono mdomoni.

"Hugues! Papa Hugues! Bibi yako na batoto beko huku!"

Watu waligeuka. Wengine walisaidia kuita. Jina likapita kwenye foleni, mdomo kwa mdomo, mpaka barabarani, na kwa kitambo kidogo Eulalie naye aligeuka kutazama, kana kwamba mtu angeweza kutokea huko nyuma akiinua mkono. Hakuna aliyeinua.

"Haiko," alisema.

"Anakuja?"

"Hapana." Alishangaa jinsi neno lilivyotoka bila shida.

"Basi, maman, hii ni ya famille. Utalipa ya mutu moja moja, na bei ni ya mupya."

Hakuwa na pesa hiyo. Mkobani mwake kulikuwa na za beignets, yale maandazi, na za soda. Maombi alikuwa ameanza kumvuta kitenge, akiuliza kwa nini hawaingii, na watu wa nyuma walikuwa wanasukuma kwa adabu, kwa tumbo na kwa mikoba, wakijifanya hawasukumi.

"Eulalie!" Ilikuwa sauti ya Gisèle. Alikuwa amesimama kwenye foleni ya pili pamoja na binti yake Jeanine, watoto wake wengine na mumewe Benoît, mwalimu wa hesabu, mtu mrefu mpole. Gisèle hakuhitaji kuelezwa. Alimtazama mlinzi, akaitazama tiketi, akamshika mumewe kiwiko akamsukuma mbele.

"Chukua huyu. Apite na ninyi, kisha atoke anirudilie."

"Gisèle, hapana..."

"Hapana ya nini? Nakuazima, sikupi."

Watu walicheka. Hata mlinzi alicheka. "Mimi nangojea papa yenye iko kwa karatasi," alisema. "Karatasi haina sura."

"Basi Hugues ni mimi," alisema Benoît, akijaribu kutania, masikio yamemwiva.

"Huyu si papa!" Maombi alipaza sauti. "Huyu ni papa ya Jeanine!"

Foleni nzima iliangua kicheko. Eulalie alicheka pamoja nao, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na uso wake. Ni Bintu peke yake ambaye hakucheka. Alimshika mdogo wake mkono, wakapita.

Wakadhani yamekwisha. Lakini ndani tu ya mlango alikuwapo mpiga picha, kijana mchangamfu mwenye kofia, maana tiketi ya familia ilikuwa na picha ndani yake.

"Papa, simama hapa. Karibia maman. Papa, usiogope bibi yako! Weka mukono."

Benoît aliangalia nyuma kule mlangoni alikobaki Gisèle. Kisha, kwa heshima kubwa, aliuinua mkono akauweka nyuma ya bega la Eulalie bila kuligusa. Uliishia hewani, upana wa kidole kimoja kutoka kwenye kitenge. Eulalie alilisikia joto lake. Alisimama wima, akatabasamu kama alivyoambiwa, na lililomuumiza ni kwamba hakutaka picha ile iishe upesi.

"Pole, maman Bintu," Benoît alisema kwa sauti ya chini walipoachiwa.

"Asante, mwalimu. Rudi kwa bibi yako."

Gisèle na watoto wake walipoingia, Maombi aliondoka na Jeanine kwenye vigari vya kugongana. Bintu alisema anataka gurudumu, na hakutaka kwenda peke yake. Walikaa wawili kwenye kikapu cha chuma, magoti yakigusana, na paki ikaanza kushuka chini yao: paa za mabati, vichwa, familia zilizotandika vitenge majanini. Wakaona ziwa lote, na mbali kisiwa cha Idjwi kimelala kwenye ukungu, na boti dogo likienda huko. Eulalie alikuwa amengoja kwa miezi kuona haya akiwa na mtu wa kumwambia *tazama*.

"Maman," Bintu alisema. "Nilijua hatakuja."

"Bote tulijua kidogo."

"Hapana. Mimi nilijua." Alikuwa anang'ang'ania chuma cha kikapu kwa mikono miwili. "Aliniambia. Mbele ya kununua tiketi, ile siku ulinipa simu. Alisema congé walimupa mwezi wa tano, akaikalia kule kule."

Gurudumu lilisimama kidogo kupakia watu, kikapu kikayumba, kikaendelea.

"Alisema ni juu ya nini hakuja?"

"Alisema akikuja hapa anakuwa kama mugeni. Hajui tena akae wapi." Bintu alimeza mate. "Alisema nisikuambie, atakuambia yeye mwenyewe."

"Na wewe hukuniambia."

"Nilikuwa nangojea akuambie. Kila siku nilisema ni leo. Ukipokea simu naangalia uso yako nione kama amesema." Sauti ilimkatika. "Ulipoleta tiketi, nilitaka kusema. Mais jina yake ilikuwa imeshaandikwa."

Eulalie alimtazama mtoto wake kama mtu aliyemkuta mahali asipomtarajia. Siku zote hizo alikuwa amejiona ndiye peke yake anayelala akisikiliza simu isiyolia. Kumbe upande wa pili wa ukuta mtoto wa miaka kumi na miwili alikuwa anaisikiliza simu hiyo hiyo, tena yeye akiwa na jambo tumboni ambalo hakuna wa kumpokea. Hasira ilimpanda, lakini ilipita juu ya kichwa cha Bintu ikaenda mbali, kusini, kwenye chumba chenye televisheni.

Alimbandua vidole kwenye chuma, kimoja kimoja, akavishika.

"Hukukosa," alimwambia. "Unasikia? Hiyo haikuwa muzigo yako."

Bintu alilia mpaka kikapu kilipofika chini. Mwendeshaji aliwatazama, akawaacha wazunguke tena bila kuwauliza tiketi.

Walipotelemka, Eulalie alimnunulia beignets, akamkalisha kwenye benchi, akasogea mpaka kwenye uzio wa ziwa, akapiga. Safari hii Hugues alishika mara moja. Pengine alidhani kelele za paki zingemsaidia asiulizwe.

"Muliingia?"

"Tuliingia. Balikuita kwa mulango, Hugues. Jina yako ilifika mpaka kwa barabara. Hukuitika."

"Eulalie, unajua congé..."

"Congé balikupa mwezi wa tano."

Aliyasikia maji yakigonga mawe chini ya uzio, na pumzi ya mumewe.

"Bintu amekuambia."

"Amelia kwanza. Usithubutu kumugombeza."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukuambia."

"Umeipata?"

Kule Kolwezi televisheni ikapunguzwa sauti.

"Kitu yenye iko yangu, uniambie mimi," Eulalie alisema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka, na aliiacha itetemeke. "Hata kama ni mubaya. Hata kama ni kwamba hurudi tena. Mutoto usimubebeshe. Feza yako ya shule utatuma, ile ni ya batoto. Mais mimi siulizi tena unakuja siku gani. Ukipata namna ya kusema, namba yangu unaijua."

"Maman Bintu..."

Alikata. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akingoja Hugues ndiye akate kwanza, asije akapoteza neno lake moja la mwisho. Mkono ulibaki umeishika simu, na simu haikulia tena. Alikuwa amesimama katikati ya watu wengi kuliko aliowahi kukaa nao mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyejua kilichompata. Alijipangusa uso kwa ncha ya kitenge, akageuka.

Gisèle alikuwa amekuja na picha. Mpiga picha alikuwa ameitafuta "famille ya Hugues" kila mahali. Waliitazama pamoja. Eulalie alikuwa anatabasamu. Benoît alikuwa na uso wa mtu aliye kwa daktari wa meno.

"Ametoka vibaya, masikini," Gisèle alisema kwa hadhari, akimchungulia mwenzake.

"Chukua," Eulalie alisema. "Ni wako, nakurudishia."

Gisèle alitaka kucheka, hakucheka. Aliikunja picha akaitia mkobani, akasema wamepika ndizi na samaki, wanamngoja majanini, na hapana si jibu. Eulalie alisema atakuja baadaye kidogo. Alijua kwamba akikaa pale sasa hivi, mbele ya sahani za watu na waume zao, hataweza kumeza.

Alirudi kwenye benchi. Bintu alikuwa amebakiza beignet moja kwenye karatasi, amemwekea. Macho yalikuwa bado mekundu. Walikaa wakitazama watu wakipanda na kushuka.

"Sasa atakuja?" Bintu aliuliza.

"Sijui."

"Siku moja?"

"Sijui, binti yangu. Kweli sijui."

Bintu alifikiri. "Na mimi sijui," alisema, na mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua ndoo.

Eulalie aliikata beignet katikati. Ilikuwa imepoa na mafuta yameganda, lakini walikuwa na njaa, wakaila yote. Kisha Maombi akatokea akikimbia, kiatu kimoja mkononi, akipiga kelele kwamba paki inafungwa saa kumi na moja na yeye hajapanda gurudumu hata mara moja, kwamba kila mtu amepanda isipokuwa yeye. Walisimama wote wawili, wakamvalisha kiatu, wakaenda kusimama naye kwenye foleni.